Makaburi ya Ndege Jangwani: Tuliyoyaona Arizona

Imeandikwa na familia moja iliyotoka kambini, sasa iko Tucson

Tunawaandikia kutoka mji wa Tucson, jimbo la Arizona, Marekani. Wengine bado mnatukumbuka. Tulikaa pale ng'ambo ya bomba la maji, karibu na shule ya msingi, hadi mwaka 2016 tulipoondoka. Mdogo wetu ambaye bado yuko kambini na watoto wake ndiye alituomba tuandike. Alisema: msituletee tena habari za baridi na kazi za usiku, hizo tumezisikia kwa kila mtu aliyefika huko. Leteni kitu ambacho naweza kuwasomea watoto jioni.

Basi tumeona tuwaelezee mahali ambapo ndege za abiria huenda zikizeeka. Ndege, au ndeke kama tunavyosema kule kwetu Kivu.

Tulipopiga simu kumwambia Bibi kwamba Jumamosi tunaenda kwenye makaburi, alinyamaza kwanza, halafu akauliza: nani amekufa? Tukamwambia hapana Bibi, ni makaburi ya ndege. Alicheka mpaka simu ikakatika. Watu wa huku wanapaita "uwanja wa mifupa". Tutawaeleza mbele kwamba jina hilo ni kweli nusu, na nusu nyingine si kweli.

Kwa wengi wetu ndege ya kwanza kuingia maishani ilikuwa ile ya Entebbe, mfuko mweupe wa IOM ukiwa mkononi, hujui kufunga mkanda wala kufungua choo. Tiketi zenyewe zilikuwa za mkopo. Ulikuwa mkopo usio na riba, unaanza kulipa miezi 6 baada ya kufika, na sisi tuliulipa kidogo kidogo mpaka ukaisha. Ndiyo maana watoto wetu hawasemi "ndege", wanasema "ndege yetu". Na mtoto wa tatu, ambaye alikuwa na miaka minne siku ile, ndiye alianza kuuliza: ndege yetu iko wapi sasa? Bado inaruka? Ndege ikizeeka inazikwa?

Hatukuwa na jibu. Lakini kumbe jibu lilikuwa karibu na nyumbani kwetu.

Ukitoka Tucson kwa barabara kuu namba 10 kwenda upande wa Phoenix, ukifika kama maili 30, utaona mikia ya ndege imesimama juu ya vichaka. Unaona mikia tu, mingi, ya rangi mbalimbali, mingine imepakwa rangi nyeupe kufuta jina la shirika. Mahali hapo panaitwa Pinal Airpark. Uwanja ulijengwa na jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya kufundisha marubani. Miaka ya 1960 CIA, yaani idara ya ujasusi ya Marekani, iliutumia kupitia kampuni za ndege zilizokuwa zake kwa siri. Wazee wetu wanaokumbuka Kongo ya miaka ile wakisikia neno hilo watatikisa kichwa. Leo uwanja ni mali ya kaunti ya Pinal, na mgeni anaweza kutembezwa akipanga siku mapema.

Tulitembezwa na mzee mmoja aliyekuwa fundi wa ndege maisha yake yote. Sisi tulimwita Mzee tu, kwa desturi yetu, na binti yetu mkubwa akamweleza maana yake. Alifurahi sana, akasema huku kwao neno "mzee" linaudhi watu.

Jambo la kwanza tulilomwuliza ni kwa nini hapa, penye joto la kupita nyuzi 40 wakati wa kiangazi, na nyoka, na mimea ya miiba mirefu kuliko nyumba. Alijibu kwa kugonga ardhi na kisigino. Kwanza, hewa ni kavu. Huku Tucson mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 300, wakati kule Kivu tunapata zaidi ya 1,000. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu kama bati la nyumba, lakini nayo huliwa na unyevu, na ikiwa karibu na bahari huliwa na chumvi. Hapa haiharibiki haraka. Pili, udongo wa sehemu hizi ni mgumu kama saruji. Ndege nzito inaweza kusimama juu yake miaka bila kuzama, wala hakuna haja ya kumwaga lami kila mahali. Tatu, nafasi ni kubwa na ardhi ni rahisi. Kuegesha ndege kwenye uwanja wa mji mkubwa ni gharama kila siku, kama mtu anayelipa hoteli akingoja gari la kesho.

Ndani ya Tucson kwenyewe kuko uwanja mwingine wa namna hii, mkubwa kupita huu, wa jeshi. Unaitwa Davis-Monthan na una maelfu ya ndege za vita. Huo hatukuingia, na kusema kweli ndege za vita tumeziona za kutosha.

Ya kungoja, ya kutoa, na ya kukatwa

Macho ya mgeni yanaona ndege zote ni zilezile, zimekufa. Mzee akatuambia hapana, angalieni madirisha.

Kuna ndege ambayo madirisha yake yamefunikwa kwa karatasi ya kung'aa kama ile ya kufungia chokoleti, ili jua lisiunguze viti na vyombo vya ndani. Midomo ya injini imezibwa, na ndani wameweka mifuko ya dawa ya kunyonya unyevu. Vitundu vyote vidogo vimezibwa, maana nyuki na ndege wadogo hupenda kujenga humo, na kitundu kimoja kilichozibwa na udongo wa nyigu kinaweza kumdanganya rubani juu ya mwendo wake. Matairi yanazungushwa kila baada ya wiki moja au mbili, kwa sababu tairi likikaa upande mmoja muda mrefu linakuwa bapa. Ndege kama hiyo haijafa. Imeegeshwa. Mwenyewe anangoja biashara iwe nzuri, au anangoja mnunuzi, au shirika lake limefilisika na mahakama bado inasikiliza kesi.

Mama wa nyumba akauliza: kwa hiyo ndege isiyofanya kazi nayo inataka mtu wa kuitunza kila wiki? Mzee akajibu kwamba hiyo ndiyo inataka zaidi. Ndege inayoruka kila siku inajisema yenyewe ikiumwa. Iliyokaa haisemi.

Aina ya pili ni ile inayotoa viungo vyake. Hapo utaona injini hazipo, na badala yake wamening'iniza vitu vizito kwenye mabawa ili ndege isiyumbe kwa upepo. Injini ndiyo mali. Mara nyingi injini mbili zina thamani kuliko kila kitu kilichobaki. Baadaye hutolewa miguu ya kutulia, vyombo vya chumba cha rubani, milango, pampu, hata vyoo. Vinasafishwa, vinapimwa, vinapewa cheti na kwenda kufungwa kwenye ndege nyingine ambazo bado zinaruka. Mtoto wetu alisikia hivyo akasema: kwa hiyo labda ndege yetu imekuwa ndege nyingi. Mzee alisema inawezekana kabisa.

Aina ya tatu ni ile ya kukatwa. Hiyo tutaisema baadaye.

Tuliona pia zile kubwa zenye nundu kichwani, Boeing 747. Ukiwa chini yake unajiona mdogo kama sisimizi. Urefu wake ni karibu mita 70, mabawa kutoka ncha hadi ncha ni mita 64, mkia uko juu mita 19, na magurudumu ni 18. Kiwanda chenyewe kinasema ina vipande kama milioni 6, karibu nusu yake ni vya kufungia tu, misumari na skrubu. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1969, na ya mwisho kabisa, ya 1,574, ilikabidhiwa kwa wenyewe Januari 2023. Haitengenezwi tena. Kosa lake ni kwamba ina injini nne, na siku hizi ndege za injini mbili zinabeba watu wengi kwa mafuta machache. Hakuna aliyesema 747 ni mbaya. Imeshindwa sokoni, basi.

Shirika la Delta lilileta hapa 747 yake ya mwisho Januari 2018. Na sikieni hii: ndani ya safari ile ya mwisho, ndege ikiwa angani kuja makaburini, watu wawili walifunga ndoa. Rubani na mhudumu, wote wa shirika lile, waliokuwa wamefahamiana kwa kazi ya ndege hizohizo. Bibi arusi alishuka jangwani. Tulipomsimulia Bibi habari hii kwa simu ya pili hakucheka, aliuliza kama wazee wa pande zote mbili walikuwemo.

Waya ukikunjwa

Baba alitaka kujua: ndege inazeeka vipi? Gari linazeeka kwa barabara mbaya, lakini angani hakuna mashimo.

Mzee aliokota kipande cha waya. Akakikunja, akakikunjua, akakikunja, mpaka kikakatika. Akasema ndege inazeeka hivi. Ikipanda juu, ndani hujazwa hewa ili watu wapumue, na mwili wake hutanuka kidogo sana, kama mpira uliopulizwa. Ikishuka, hunywea. Kupanda na kushuka mara moja ni mkunjo mmoja. Kwa hiyo umri wa ndege hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Unahesabiwa kwa saa za angani, na pia kwa mara ngapi imepanda na kushuka.

Tarehe 28 Aprili 1988, huko Hawaii, Boeing 737 ilipasuka paa ikiwa angani imejaa watu. Marubani waliweza kuitelemsha, lakini mhudumu mmoja mwanamke alivutwa nje na upepo akafa. Ndege ile ilikuwa na miaka 19 tu. Lakini ilikuwa imeruka mara 89,680, kwa sababu kazi yake ilikuwa safari fupifupi kati ya visiwa, panda shuka, panda shuka, tena kwenye hewa ya chumvi. Tangu hapo sheria za kukagua ndege zilizozeeka zilikazwa sana.

Linganisheni na ndege tuliyoiona siku nyingine kwenye makumbusho ya Pima hapa Tucson. Ni Boeing 777 ya kwanza kabisa, iliyoruka mara ya kwanza Juni 1994 na baadaye kufanya kazi miaka 18 katika shirika la Cathay Pacific la Hong Kong. Katika miaka hiyo ilifanya safari 20,519 na kukaa angani saa 49,687, halafu mwaka 2018 ikaletwa kupumzika. Ndege mbili, miaka ya kazi karibu sawa, lakini moja imekunjwa zaidi ya mara nne ya mwenzake. Tulikaa kimya hapo kidogo. Kuna watu wa miaka 30 tunaowajua ambao nao wamekunjwa mara nyingi.

Palepale makumbusho kuna ndege nyingine ambayo mama wa kambi wangeipenda. Ni DC-10 iliyokuwa hospitali ya macho. Shirika la Orbis liliitumia tangu 1994 hadi 2016, ikizunguka nchi nyingi. Ndani yake walitoa viti, wakaweka chumba cha upasuaji na darasa la kufundisha madaktari wa nchi ile waliyotua. Ndege ilikuwa inakaa chini, wagonjwa wanaingia, wanatibiwa, madaktari wanajifunza, halafu inaondoka kwenda kwingine. Sasa imesimama kwenye changarawe na watoto wa shule wanaipiga picha.

Sisi wa Goma

Hatuwezi kuandika habari za ndege nzee bila kusema ya kwetu. Sisi tumetoka Goma. Wale wa Goma wanajua mabaki ya ndege yaliyokuwa yamelala kando ya uwanja, watoto wakipanda juu ya mabawa kama ni ukuta wa shamba. Hapo hapakuwa na karatasi ya kung'aa wala dawa ya unyevu. Ndege ilikufa pale ilipokufa. Januari 2002, Nyiragongo ilipolipuka, lava ilifunika sehemu ya njia ya kurukia, na uwanja ukabaki mfupi kwa miaka mingi.

Tarehe 15 Aprili 2008 tulikuwa bado mjini. Ndege ya abiria ilishindwa kuruka, ikavuka mwisho wa ile njia iliyofupishwa na ikaingia Birere, katikati ya maduka na watu wanaonunua na kuuza. Watu wapatao 40 walifariki, wengi wao hawakuwa na tiketi, walikuwa sokoni. Ndege ile ilikuwa na zaidi ya miaka 30. Hatutaji kampuni, wala hatusemi umri peke yake ndio uliua. Uwanja mfupi nao ulikuwa na sehemu yake.

Lakini tulimwuliza Mzee bila kuficha: je, ndege zinazotoka hapa zinakuja kwetu? Alijibu kwa ukweli. Zingine, ndiyo. Shirika tajiri likiona ukaguzi mkubwa, ule wa kila baada ya miaka 6 hadi 10 ambapo ndege inafunguliwa karibu yote, utagharimu mamilioni ya dola, huona afadhali kuuza. Anayenunua ananunua rahisi. Akiwa na mafundi na fedha ya vipuri, ndege itaruka vizuri miaka mingi, kwa sababu ndege nzee iliyotunzwa si hatari. Akiwa hana, atairusha hivyohivyo. Ni mitumba, kama nguo za sokoni, isipokuwa shati la mtumba likichanika angalau uko chini. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya umeyazuia mashirika ya ndege ya Kongo kuruka kwenye anga lake. Raia wa Kongo hakuwa na wa kumzuia. Barabara hakuna, anapanda.

Mtu mmoja katika familia yetu aliona kwamba sehemu hii isiandikwe kwa sababu gazeti linasomwa na watoto. Sisi wengine tukaona watoto wa Goma wanaijua kuliko sisi.

Ndege bila karatasi

Sasa tufike kwenye jambo ambalo lilitushika kuliko yote, na ambalo ndilo lilifanya tuandike kweli.

Tulipita ghala moja lenye rafu za vipande. Kila kipande kina kikaratasi kimefungwa. Baba akanyanyua kimoja, akauliza: na hii karatasi ikipotea? Mzee akasema: basi umeshika kipande cha chuma chakavu.

Tulidhani anatania. Hapana. Kipande cha ndege, hata kikiwa kizima, hata kiking'aa, hakina thamani kama hakuna karatasi inayosema kilitengenezwa wapi, siku gani, kilifungwa kwenye ndege ipi, kimeruka mara ngapi, nani alikitoa, nani alikipima. Kwa vile vipande vya ndani ya injini vyenye kikomo cha maisha, karatasi lazima ziende nyuma mpaka siku kilipotengenezwa. Mafundi wenyewe wanatumia neno hilo: mpaka kuzaliwa. Ikikosekana karatasi ya miaka miwili katikati, wao hawasemi "labda kilikuwa salama". Wanasema hakuna. Ndege nzima ni hivyo pia. Karatasi zake zinajaza masanduku na masanduku, na anayekuja kununua huanza na masanduku kabla hajaangalia ndege. Ikiuzwa bila masanduku, inauzwa kwa kilo.

Na wako wanaoghushi. Mwaka 2023 iligunduliwa kwamba kampuni ndogo ya London ilikuwa imeuza vipande vya injini vyenye vyeti vya uongo, na mashirika kadhaa makubwa yalilazimika kusimamisha ndege ili kuvitoa. Ndiyo maana wanakuwa wakali.

Tulitazamana. Nani kati yetu hajasimama mbele ya meza akiambiwa cheti cha kuzaliwa hakuna, miaka miwili ya Masisi haina karatasi, jina la hapa halifanani na jina la kule? Mtu mzima, mwenye afya, amesimama pale anapumua, na meza inasema hakuna.

Mdogo wetu na watoto wake walikuwa wamemaliza kila kitu: mahojiano, vipimo, mafundisho ya safari. Waliambiwa Februari 2025. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na safari zikafutwa, hata za watu waliokwisha kugawa vyombo vyao kwa majirani. Mnawajua, wengine ni ninyi mnaosoma hapa. Sasa vipimo vya hospitali vimepita muda, na ukaguzi wa usalama nao hupita muda, na picha za watoto hazifanani tena na watoto.

Tulimwuliza Mzee kama ndege iliyoegeshwa nayo ni hivyo. Akasema ndivyo. Ukaguzi mwingine unahesabiwa kwa kalenda, hata kama ndege haijasogea. Ikikaa miaka mitatu, kabla ya kuondoka lazima ukaguzi ule ufanywe tena. Lakini kama masanduku ya karatasi yapo, kazi hiyo inafanyika. Kama hayapo, hakuna wa kuianza. Kwa hiyo tunamwambia mdogo wetu hapa mbele ya wote, maana kwa simu hatusikilizi: zile karatasi zitoe chini ya godoro, mvua ya Machi inakuja. Zifunge kwenye plastiki mara mbili. Mwombe mwenye simu nzuri apige picha kila ukurasa, mbele na nyuma, ututumie. Za Bibi pia, hata ile kadi ya zamani ya mgao iliyochanika.

Kukatwa, na kurudi

Mwisho wa uwanja kuko mashine yenye mdomo kama wa mamba. Inauma mwili wa ndege kama mtu anayeuma muhindi. Kazi ya kukata ndege kubwa iliyokwisha kuvuliwa vyombo si ya miezi, ni ya siku chache. Aluminiamu inachambuliwa, inapelekwa kuyeyushwa, na inaweza kurudi ikiwa kopo la soda au sehemu ya gari. Watoto walishangaa, sisi wakubwa hatukushangaa sana. Kule kwetu mafundi wa sufuria wanayeyusha aluminiamu ya kila aina, na mama yetu alikuwa na sufuria nzito ya sombe ambayo fundi aliapa kwamba ilitoka kwenye bawa. Hatukujua kama anasema kweli au anapandisha bei. Ilipika vizuri.

Lakini tusiwaache mkidhani kila inayofika hapa inaliwa na mamba. Mwaka 2020, wakati wa korona, zaidi ya nusu ya ndege za abiria za dunia ziliegeshwa kwa miezi michache tu. Viwanja kama hiki vilijaa, na vile vya Victorville huko California, Roswell huko New Mexico, Teruel huko Hispania, Alice Springs huko Australia. Watu wengi walisema zile kubwa kabisa za ghorofa mbili, Airbus A380, ndiyo mwisho wao. Wengine walizifuta kabisa kwenye vitabu. Halafu watu wakaanza kusafiri tena kwa wingi, ndege mpya zikachelewa viwandani, na mashirika yakarudi jangwani kutafuta zile walizoziacha. Lufthansa ya Ujerumani ilikuwa imeweka baadhi ya A380 zake Teruel, na mwaka 2023 zikaanza tena kubeba abiria. Zilizorudi ni zile zilizokuwa zimezungushiwa matairi.

Siku ile tulipokuwa tunaelekea getini, tuliona mafundi wawili juu ya ngazi wakibandua karatasi ya kung'aa kwenye madirisha ya ndege moja nyeupe, dirisha baada ya dirisha, wakiikunja na kuitia ndani ya gunia. Mzee alisema hiyo imepata mwenyewe. Kwanza watatoa vizibo vyote na kuvihesabu, maana kimoja kikisahaulika ni hatari, halafu watawasha injini na kusikiliza, watapima breki, wataleta marubani wawili tu bila abiria. Ikitoka hapa inakwenda kwanza kwenye karakana, si moja kwa moja kazini.

Tulimtumia mdogo wetu picha ya ndege ile, madirisha nusu yamefunguliwa na nusu bado yanang'aa. Alijibu usiku, mtandao uliporudi. Hakuuliza ndege inakwenda wapi. Aliuliza ilikaa pale miaka mingapi. Binti yetu alikuwa amemwuliza Mzee swali hilohilo, kwa hiyo tukaweza kumjibu: minne na miezi.